Haki huna, au hoja huna?

Jana usiku badala ya kulala nikajikuta nasoma kesi za Strasbourg, yaani Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya (kila mtu na ulevi wake), na kuna kitu kinanikera mpaka saa hizi. Uholanzi kuna chama kinaitwa SGP, Waprotestanti wenye msimamo mkali, kipo tangu 1918, na imani yao ni kwamba Mungu hakumpa mwanamke kazi ya kutawala, kwa hiyo hagombei kwa tiketi yao, yameisha. 2010 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ikasema serikali haiwezi kuliangalia tu hilo, jamaa wakakimbilia Strasbourg kulalamika kwamba uhuru wao wa dini na wa kujumuika umeguswa. Yaani unamnyima mwenzio haki, halafu unataka mkataba wa haki za binadamu ukukinge uendelee kumnyima!

2012 ombi likatupwa mapema kabisa. Safi. Ila mkataba ule, wa Ulaya wa haki za binadamu, una kifungu cha 17, kinachokataza mtu kutumia haki zake kuua za wenzake, na hicho ndicho kilimkuta mwanachama mmoja wa BNP, chama cha mrengo mkali wa kulia kule Uingereza, aliyebandika dirishani kwake bango la minara ya New York ikiungua na maneno ya kutaka Uislamu utoke nchini. 2004 akaambiwa kwa bango lile uhuru wa maoni haumhusu. SGP wao hawakuambiwa hivyo, waliambiwa tu madai yao hayana msingi. Wote wamekosa, sawa, lakini mmoja kaambiwa haki huna, mwingine hoja huna, na mimi naona aliyefungia wanawake nje ya ubunge kabembelezwa.

Najua hicho kifungu ni panga. 1957 ndicho kilichotumika kulitupa ombi la chama cha kikomunisti cha Ujerumani kilichopigwa marufuku kwao, kwa hiyo sitaki kila anayeropoka kuhusu wanawake akatwe nacho. Ila hawa hawakuropoka jamani, walikuwa na orodha ya wagombea na jina la mwanamke halikai humo!

2013 chama kikabadili kanuni zake, mwaka uliofuata Lilian Janse akapata kiti kwenye baraza la mji wa Vlissingen, tiketi ileile ya SGP. Kuhusu nafasi ya mwanamke, chama chenyewe hakijabadili imani.