Kipande cha Ukuta Kisichopigwa Lipu

Jumapili barazani, kahawa ikizunguka, kijana mmoja alisema Wayahudi waliikumbuka Yerusalemu mwaka 1948 tu, walipotaka dola. Wazee wawili wakaitikia. Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye baraza, lakini neno lile limenikaa kooni mpaka leo.

Hapana, ndugu zangu. Si kweli.

Ingieni nyumbani kwa Myahudi anayeshika dini. Desturi yao ya kale ni kwamba mtu akijenga, huacha kipande cha ukuta, dhiraa moja kwa dhiraa moja, kikielekeana na mlango, bila lipu. Nyumba nzima inang'aa, pale panabaki hivyo hivyo, ili kila anayeingia akumbuke Hekalu la Yerusalemu. Na Hekalu hilo la pili Warumi walilichoma mwaka 70! Akimaliza kula mkate, katika shukrani zake humwomba Mungu aijenge tena Yerusalemu. Akisali, mara tatu kwa siku, uso anauelekeza huko. Bwana harusi naye, siku ya furaha yake, huvunja glasi kwa mguu kulikumbuka Hekalu hilo, na harusi nyingi huisikia Zaburi ya 137: "Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau." Ikifika tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda yao, siku ya kuliombolezea Hekalu, wanafunga, wanaketi chini, wanasoma Maombolezo.

Kwetu mtu akifa tunalia, matanga yanaanuliwa, arobaini inasomwa, maisha yanaendelea. Wao matanga ya mji huu hawajayaanua mpaka leo.

Na wale Wayahudi wa Ethiopia je? Wakulima, wafumaji, wahunzi na wafinyanzi wa milima ya Gondar, kila mwaka siku ya Sigd, sikukuu yao, walipanda mlimani wamefunga, wakaomba kurudi Yerusalemu. Walifanya hivyo vizazi na vizazi kabla dola ya Israeli haijazaliwa. Mwaka 1991 ndege zilipowachukua zaidi ya 14,000 kwenda Israeli ndani ya siku moja na nusu, walikuwa wanakwenda mahali walipopataja maisha yao yote.

Haya, nakubali: Quds, yaani Yerusalemu hiyo hiyo, ni kibla cha kwanza cha Waislamu, Wakristo wana Kaburi Takatifu pale, na Mpalestina aliyezaliwa katika vichochoro vile hahitaji kufundishwa na mtu kuupenda mji wake. Kuupenda mji si ruhusa ya kumtoa mwenzio nyumbani kwake. Hilo nalisema bila kulazimishwa.

Ila kijana wangu, nijibu hili. Pasaka yao humalizika kwa maneno "Mwaka ujao Yerusalemu." Ingekuwa ni habari ya 1948 tu, wanaoishi humo leo wangeshaacha kuyasema. Hawajaacha. Wameongeza neno moja: "Mwaka ujao Yerusalemu iliyojengwa."