Mlima Hautaki Ubishi

Siku hizi ukifungua simu hukosi kijana kavua shati, jasho linamchuruzika, anakuhimiza uteseke. Lugha hiyo imeshawaingia hata wakimbiaji wetu wa Tanga, wale wa alfajiri pale Raskazone. Wanataka kwenda mbio za porini, kilomita 50, wengine 100, na wanadhani kinachotakiwa ni roho ngumu tu. Mimi sikubali. Mbio zile zinamtaka mtu mtulivu, anayejua kula, asiyeona haya kutembea.

Mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 huitwa ultramaratoni. Kisa kinachopendwa na watu wa roho ngumu ni cha Gordy Ainsleigh, ambaye mwaka 1974 aliingia kwa miguu katika mashindano ya farasi huko California, maili 100 za milimani, akamaliza ndani ya saa 24. Hapo ndipo zilipoanzia mbio za Western States. Sawa, lakini hata mabingwa wa leo wakifika kwenye mwinuko mkali hutembea, tena bila kujificha.

Panda kutoka Sigi kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara, uone. Kijana wa mjini anaanza kwa kasi. Kona chache tu, mikono iko kiunoni. Anapitwa na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, hatua fupi, shingo imetulia, pumzi haikatiki. "Pole, mwanangu," anamwambia, na huyo anapotelea kwenye kona inayofuata. Kocha gani atakufundisha zaidi ya hapo? Halafu kuna kushuka, ambako wengi hukudharau. Paja linazuia uzito wa mwili huku msuli ukivutika, na ndiyo maana kesho yake mtu anashuka ngazi kinyumenyume kama kaa.

Na tumbo, jamani. Vituo vya njiani vina viazi vya kuchemsha vya kuchovya kwenye chumvi, supu, soda. Asiyekula mapema atakuja kukaa chini ya mti bila kupenda. Maji nayo yana kipimo: kwa joto letu kila mtu anakuambia kunywa, kunywa, kumbe yakizidi huzimua sodiamu ya damu, na wapo wakimbiaji waliokufa kwa hilo.

Ninachowaonea wivu wenzetu ni namna wanavyomtazama wa mwisho. Comrades ya Afrika Kusini, inayokimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg tangu 1921, ina kikomo cha saa 12. Muda ukitimia, mtu anafyatua bastola akiwa amewapa wakimbiaji mgongo, asije akamwonea huruma aliyebakiza hatua mbili. Wengine wanaona ni ukatili. Mimi naona ni haki, maana hakuna cha mjomba wala shangazi. Kule Western States, ambako kikomo ni saa 30, saa ya mwisho ndiyo inayojaza watu uwanjani, wanawashangilia wanaochechemea kana kwamba ndio washindi.

Kwetu? Mshindi akishavuka, mgeni rasmi anahutubia, turubai linakunjwa, na anayekuja nyuma anakuta spika zinapakiwa kwenye Kirikuu. Atakayeandaa mbio za Amani au Lushoto aanzie hapo: medali za mwisho zivishwe na mgeni rasmi mwenyewe. Asubiri. Kiti si anacho?