Kompyuta ya filamu sebuleni: prosesa ndogo, au kubwa iliyobanwa?

Ukitaka kuunda kompyuta ya kutazamia filamu sebuleni, iliyo kimya, isiyochemka na isiyobugia umeme, utapewa ushauri wa aina mbili. Wapo watakaokwambia utafute prosesa ndogo kuliko zote, ya wati 6 au 10, isiyohitaji hata feni, na habari iishie hapo. Wengine watakwambia ununue prosesa ya kawaida ya mezani yenye sehemu ya picha ndani yake, uifunge kipoozaji kikubwa, uibane (uiwekee kikomo cha umeme) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya bodi mama, nayo itakaa kimya vilevile huku ikikuwekea nguvu za akiba. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tatizo ni kwamba zote hubishania wati zilizoandikwa kwenye boksi, na namba hiyo haimsaidii sana mtazamaji wa filamu.

Namba hiyo huitwa TDP, nayo humweleza mtengenezaji wa kipoozaji ni joto kiasi gani atalazimika kuliondoa prosesa ikifanya kazi nzito mfululizo kwa kasi yake ya msingi. Haisemi umeme utakaoliwa wewe ukiwa umekaa unatazama filamu. Chukua Core i3-12100 ya Intel, iliyotoka 2022. Imeandikiwa wati 60, na huruhusiwa kupanda hadi 89 kazi ikizidi. Pacha wake, i3-12100T, imeandikiwa wati 35, lakini nayo huruhusiwa kupanda hadi 69. Viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, ni vinne vilevile. Wakati wa filamu hakuna kati yao inayoikaribia hata hiyo 35. Herufi T maana yake ni kikomo kilichowekwa kiwandani, na mwenye 12100 ya kawaida anaweza kujiwekea kikomo kama hicho kwenye BIOS za bodi mama nyingi. Ukiona T inauzwa ghali kuliko ndugu yake, jua unauziwa mpangilio.

Filamu haiisumbui prosesa kwa sababu kazi ya kusimbua video, yaani kuifungua kutoka kwenye faili iliyobanwa, haipiti kwenye viini. Ndani ya sehemu ya picha kuna kitengo maalumu kilichoundwa kwa kazi hiyo moja, nacho hufungua video ya 4K kwa wati chache sana. Kitengo hicho kikiifahamu kodeki ya filamu yako, yaani mtindo uliotumika kuibana, viini husinzia. Kisipoifahamu, viini vyote huamshwa, joto hupanda, na feni uliyokwisha kuisahau huanza kusikika pale waigizaji wanaponong'onezana. Ukimya wa sebuleni huamuliwa hapa zaidi ya mahali pengine popote.

Ushahidi ni wa zamani. Intel Atom ilipotoka 2008 ilionekana ndilo jibu lililosubiriwa: Atom 230 ilikuwa na TDP ya wati 4 tu. Ikashindwa na filamu za 1080p za kodeki ya H.264, kwani haikuwa na pa kuzipeleka zaidi ya kiini chake kimoja dhaifu. Kichekesho ni kwamba chipu-saidizi ya 945GC iliyoambatana nayo ilikula umeme mwingi kuliko prosesa yenyewe. Kwenye bodi ya Intel, feni ilifungwa juu ya chipu hiyo, si juu ya Atom. Mwaka 2009 Nvidia ikaleta Ion, chipu yenye kitengo cha kusimbua video. Ilipounganishwa na Atom ileile, filamu zilezile zikaanza kwenda bila kukwama. Prosesa haikuwa imebadilika hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza wati, uliza kodeki. H.264 ilikamilika 2003 na karibu kila chipu inaiweza. (Karibu, kwa sababu Raspberry Pi 5 ya 2023, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina kitengo cha 4K cha kodeki mpya zaidi ya HEVC, ila kile cha H.264 kiliondolewa na kazi ikaachiwa viini.) HEVC ilifuata 2013, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa mashine zilizotumika hunaswa, maana filamu za 4K zenye HDR (mwangaza na rangi za upana zaidi) hutumia biti 10 kwa kila rangi, si 8. Kitengo cha prosesa za Intel za kizazi cha 6, za 2015, kinaimudu HEVC ya biti 8. Ile ya biti 10 ilipata kitengo kamili katika kizazi cha 7. Kodeki mpya zaidi, AV1, ilikamilishwa 2018, Intel ikaiingiza kwenye kizazi cha 11 kuanzia 2020, na AMD ikaiingiza kwenye sehemu zake za picha za kizazi cha RDNA 2.

Matokeo yake ni safu isiyofuata ukubwa wala idadi ya viini. Ryzen 5 5600G ya 2021 ina viini 6 na TDP ya wati 65, lakini sehemu yake ya picha ni ya aina ya zamani, Vega, isiyojua AV1. Intel N100 ya 2023, yenye viini 4 vidogo na TDP ya wati 6, inaijua. Kwa haki, 5600G haishindwi kuonyesha AV1, kwa sababu programu ya dav1d ya VideoLAN huisimbua kodeki hiyo kwa kutumia viini, na kwa wepesi unaostaajabisha. Inaiweza, ila kwa jasho, na jasho ndilo tulilokuwa tunalikwepa.

Mpaka hapa utadhani kambi ya prosesa ndogo imeshinda. Kwa kazi ya kusimbua peke yake, imeshinda kweli. N100 hufungua HEVC ya biti 10, kodeki ya VP9 na AV1 kwenye kitengo chake, huendesha programu ya filamu ya Kodi bila shida, na inaweza hata kugeuza filamu ziende kwenye simu au televisheni ya chumba kingine kupitia Quick Sync, kitengo cha video cha Intel.

Udhaifu wake unaanzia kwenye sanduku inalouzwa nalo. Wati 6 ni pendekezo la Intel; anayetengeneza kompyuta ndogo anaweza kuiruhusu prosesa hiyohiyo kula wati 15 au hata 25 ili ionekane na kasi kwenye majaribio. Kisha huifunga feni nyembamba ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, ndani ya kisanduku kisicho na nafasi ya hewa. Feni ya aina hiyo lazima izunguke kwa kasi ili isukume hewa ya maana, na mlio wake ni mwembamba, wa juu, aina ambayo sikio huikamata hata televisheni ikiwa imewashwa. Nimeshasikia kompyuta za prosesa "baridi" zikipiga kelele kuliko mashine ya mezani iliyosimama kando yake.

Hapo ndipo kambi ya pili inaposimama imara. Kelele ya feni haipandi sambamba na mwendo wake. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba nguvu ya sauti hufuata kipeo cha 5 cha mwendo: ukipunguza mzunguko kwa nusu, unaondoa takriban desibeli 15, ilhali hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu tu. Feni ya milimita 120 inayojizungukia mara 500 kwa dakika juu ya kipoozaji kikubwa haisikiki kutoka kwenye kochi, na inatosha kabisa kwa prosesa ya mezani iliyowekewa kikomo cha wati 35. Ukimya, kwa maana hiyo, unanunuliwa kwa nafasi. Mwenye kabati pana chini ya televisheni ana uhuru ambao mwenye kisanduku cha kubandika nyuma ya skrini hana.

Kuna njia ya tatu, ya kuondoa feni kabisa na kuligeuza sanduku zima kuwa kipoozaji, kama wafanyavyo Streacom kwa masanduku yao ya alumini. Ni njia nzuri na safi, kwani hata vumbi halivutwi ndani. Ila joto halijatoweka, limehamia kwenye kuta za sanduku, na likifungiwa ndani ya kabati lenye mlango hujikusanya mpaka prosesa ijipunguzie kasi yenyewe. Na feni ikishaondoka, sauti zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza: mzunguko wa diski ya zamani, au mluzi wa koili kwenye bodi. Anayekwenda njia hii atumie SSD, na diski kubwa za filamu azihamishie chumba kingine kupitia mtandao.

Tukija kwenye umeme, hesabu inashangaza kidogo. Tuseme mashine kubwa iliyobanwa inakula wati 25 wakati wa filamu, na ndogo inakula 10. Tofauti ni wati 15. Kwa saa 4 kila siku, mwaka mzima unatoa kilowati-saa 22 hivi, kiasi ambacho hakimfanyi mtu abadili uamuzi. Lakini mashine hiyohiyo ikiachwa imewashwa saa 24, labda kwa sababu inarekodi vipindi au inatunza faili za nyumba nzima, tofauti hiyo inakuwa zaidi ya kilowati-saa 131. Kwa hiyo hoja ya umeme inamhusu sana anayeacha mashine ikikesha, na inamhusu kidogo mno anayeizima akienda kulala.

Kwa anayekesha nayo, jambo la kuchunguza ni umeme unaoliwa mashine ikiwa haina kazi, na hapo prosesa ni mshtakiwa mmoja kati ya watatu. Wa pili ni bodi mama. Wa tatu, ambaye husahauliwa mno, ni pawasaplai. Ukichukua pawasaplai ya wati 500 ukaitumia kwa mzigo wa wati 20, unaiendesha kwenye asilimia 4 ya uwezo wake. Vyeti vya ufanisi wa pawasaplai vya 80 Plus kuanzia Bronze hadi Platinum huipima kuanzia asilimia 20 kwenda juu, hivyo cheti hakikuahidi lolote kuhusu pale utakapokuwa unaitumia. Pawasaplai ndogo, au adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato, inaweza kuokoa wati nyingi kuliko kubadili prosesa. Kwa upande wa AMD, chagua zile zenye herufi G: zimechongwa kwenye kipande kimoja cha silikoni, na kwa kawaida hutulia kwa wati chache kuliko Ryzen za vipande vingi, ambazo kipande chao cha mawasiliano huendelea kula umeme hata pasipo kazi.

Yapo pia mambo ambayo prosesa haina la kufanya, iwe ndogo au kubwa. Programu zilizoruhusiwa kucheza diski za Ultra HD Blu-ray kwenye kompyuta zilidai teknolojia ya usalama ya SGX ndani ya prosesa, ambayo Intel iliiondoa kwenye prosesa zake za mezani kuanzia kizazi cha 11. Prosesa mpya zaidi, kwa hilo, ni mbaya zaidi. Na anayetegemea huduma za kutiririsha filamu atakuta Linux ya mezani mara nyingi inanyimwa 4K kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki, hata kama chipu ina uwezo mara kumi.

Nikipima yote, kwa mtu ambaye kazi yake ni kutazama tu ningechagua prosesa ndogo ya kizazi cha N100, kwa sharti la kuipata ndani ya sanduku lisilo na feni, au lenye BIOS inayoruhusu kuirudisha kwenye wati zake 6. Bila sharti hilo, ningehamia kambi ya pili bila kusita. Mwenye projekta kubwa anayetaka kukuza picha za 1080p kwa vichujio vizito vya madVR (programu ya kuboresha picha ya video), au kugeuza HDR kwa ustadi ili ilingane na projekta yake, hana haja ya kusoma hoja za wati 6, kwa sababu kazi hiyo hutaka nguvu ya picha ambayo N100, yenye kumbukumbu ya njia moja, haina. Vivyo hivyo anayetaka gemu baada ya filamu. Ryzen 5 8600G ya 2024, iliyopunguzwa kwenye BIOS na kufungiwa feni kubwa, itamfaa kwa yote mawili, na AV1 inaijua.

Na kwa wanaovutiwa na kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zenye prosesa za T za kizazi cha 8 au cha 9: wati zake ni nzuri, HEVC ya biti 10 zinaimudu, AV1 haimo. Kinachowaangusha wanunuzi ni tundu la HDMI. Sehemu ya picha ya prosesa hizo hutoa HDMI 1.4 tu isipokuwa mtengenezaji ameongeza chipu ya kugeuza, na HDMI 1.4 huishia kwenye 4K ya fremu 30 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 itapita salama. Mechi ya mpira ya fremu 60 haitapita. Kama mashine ina tundu la DisplayPort, adapta hai (yenye chipu yake ya kugeuza) ya kwenda HDMI 2.0 inamaliza tatizo hilo. Kama haina, iache dukani.