Binti yangu wa miaka 15 na akaunti iliyofungwa

Tarehe 10 Desemba 2025, hapa Melbourne, Australia, binti yangu aliamka akakuta akaunti yake ya TikTok imefungwa. Ana miaka 15. Sheria iliyopitishwa Novemba 2024 ilikuwa imeanza kazi: aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti TikTok, Instagram, YouTube, X wala mitandao mingine mikubwa, na kampuni ikipuuza yaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za huku. Hata mzazi akiridhia, ridhaa yake haihesabiki.

Wakenya wenzangu wengi hapa walishangilia, na nawaelewa. Miongoni mwa walioipigania sheria hii wamo wazazi waliozika watoto wao kwa sababu ya uonevu wa mitandaoni, na uchungu wao sina neno la kuupinga. Mimi mwenyewe nimeshamnyang'anya binti huyu simu saa saba za usiku.

Lakini siasa za kwetu hakuzijua kupitia kwangu, wala shuleni. Juni 2024, akiwa na miaka 13, aliniuliza kwa nini mkate utozwe kodi ya VAT ya asilimia 16. Nikashtuka, umeyatoa wapi haya? Akanionyesha vijana wa Nairobi wakiuchambua Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za kwao. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, wapo waliopigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi mswada huo. Tulikesha na binti yangu sebuleni, yeye akinitafsiria mimi nchi yangu.

Kwetu, Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Kila mtu, umri haukutajwa. Hata hivyo, mwisho wa mwaka huohuo vijana waliomkosoa rais mitandaoni walitekwa nyara, na baadhi yao wakarudi makwao Januari 2025.

Australia haina kifungu kama hicho, wala Katiba yake haina orodha ya haki. Ni majaji wa mahakama yao ya mwisho waliosema, mwaka 1992, kwamba ikiwa Katiba inataka wabunge wachaguliwe moja kwa moja na wananchi, basi wananchi hao sharti waweze kuzungumza siasa kwa uhuru, la sivyo watachagua gizani. Si haki anayopewa mtu mmojammoja, ni mpaka ambao Bunge haliruhusiwi kuuvuka bila sababu nzito. Kwa msingi huo vijana wawili wa miaka 15, pamoja na shirika la Digital Freedom Project, wameishtaki serikali, na mtandao wa Reddit nao umefungua kesi yake. Mtoto wa miaka 15 anaishtaki serikali na jioni anarudi nyumbani kula chakula chake! Hilo naitamania Kenya kwa moyo wote.

Wapo wanaoniambia mtoto hapigi kura, siasa ina haraka gani kwake? Kwani mtu huzinduka siku anapotimiza 18 akiwa tayari anajua kumpima mbunge? Australia yenyewe humruhusu kijana raia kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura akiwa na 16, na akifika 18 kupiga kura ni lazima kisheria.

Mimi ningezibana kampuni. Zizime video zinazojifuatanisha bila mwisho, ziwazuie watu wazima wasiojulikana kuwatumia watoto ujumbe, zinyamazishe arifa usiku. Mtoto abaki na nafasi ya kuuliza na kujibu.

Kwa sasa dada yake wa Kisauni, mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni rika lake, humtumia habari za nyumbani kwa WhatsApp, ambayo sheria haikuigusa. Video anaziona. Kuandika maoni yake chini, pale ambapo wenzake wa Mombasa wanabishana, hawezi.