Baga isiyo na nyama: kosa liko kwenye menyu au kwa mteja?

Kuna hii hoja kwamba makampuni ya fasti fudi, haya makubwa yenye matawi kila kona, yahimizwe kuongeza vyakula visivyo na nyama. Mi naikubali, ila sio kwa namna inavyopigiwa debe.

Wanaopinga wana ushahidi mzito bana. McDonald's walijaribu McPlant, baga yao ya mimea inayoiga nyama, kule Marekani, wakaanza na migahawa 8 mwaka 2021, mwaka uliofuata wakapanua mpaka kama 600 hivi, halafu ikapotea kimyakimya, na 2024 bosi wao wa Marekani akakiri kuwa haikufanya vizuri. Na ukikaa ukafikiria utawaelewa wateja, mtu yuko kwenye gari, ana njaa, nyuma kuna foleni na honi zinapigwa, ana sekunde chache achague, unamwambia aongeze hela apate kitu kinachojitahidi kufanana na nyama wakati nyama yenyewe iko hapohapo kwa bei nafuu. Akinunua mara ya kwanza ni kwa udadisi tu.

Jikoni nako kuna kasheshe. Burger King waliposambaza Impossible Whopper, yaani baga yao maarufu ya Whopper ila bila nyama, Marekani nzima 2019, mwaka haujaisha wakashtakiwa na mteja vegani, yaani asiyekula chochote kinachotokana na wanyama, aliyelalamika kwamba inachomwa pale pale panapochomwa nyama. Kesi ilitupwa, lakini tatizo lenyewe ni la kweli, maana jiko la pili ni gharama na nafasi, kwa kitu ambacho labda kinaagizwa mara chache kwa siku.

Na kwenye afya tusidanganyane. Ilipotoka, hiyo baga ilikuwa na kalori kama 630, Whopper ya kawaida 660, na chumvi ndo ilizidi kabisa. Hapo bado chipsi na soda.

Sasa kwa nini bado naikubali? Kwa sababu kilichofeli ni namna moja tu ya kufanya hili jambo. India McDonald's hawauzi kabisa ng'ombe wala nguruwe, na McAloo Tikki, baga ya viazi na njegere, inauzwa miaka na miaka bila kujifanya nyama, tena ni ya bei ya chini. Ndio, kule wasiokula nyama ni wengi, nakubali. Basi chukua Uingereza, Greggs, kampuni ya maduka ya mikate na vitafunwa, walitoa soseji roli ya kivegani Januari 2019, watu wakaibeza mtandaoni weee, kumbe ndo wanaitangaza, mauzo yakapaa.

Halafu kuna utafiti wa kantini za chuo cha Cambridge uliotoka 2019 ambao mi naona ndo wenye jibu. Vyakula visivyo na nyama vilipotoka kimoja kati ya vinne kuwa viwili kati ya vinne, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 40 hadi 80 hivi, na hakuna aliyehubiriwa chochote. Kantini sio dirisha la kuagizia ukiwa kwenye gari, sawa, ila angalia tofauti, kule mteja alikuta vyakula viwili vya kawaida, huku kwenye baga anakuta kimoja, ghali, kimewekwa pembeni na kijani chake kama dawa.

Kwa hiyo wanaoyasukuma haya makampuni wangeacha kushangilia kila baga mpya inayotangazwa, wakauliza vitu viwili tu: inauzwa bei gani ukilinganisha na ya nyama, na baada ya mwaka itakuwa bado ipo?