Wigi, Gundi na Vidole Vyangu Kumi

Kwanza kabisa: sikulia. Nyie mliopokea odio ya yule rafiki yangu wa Katuba, kwetu Lubumbashi, Kongo, ile ya wigi langu kwenye uwanja wa ndege wa Guangzhou, yenye kicheko kingi kuliko maneno, futeni sehemu inayosema nililia. Machozi yalikuwa ya gundi. Pili, hakuna afisa wa uhamiaji aliyekimbia. Alirudi nyuma hatua moja, basi.

Najua odio imeshazunguka Kamalondo, imepita Kenya (komini yetu, yaani sehemu ya mji wetu, ndugu wa Nairobi tulieni), imefika mpaka kwa mama mdogo Likasi, na mimi kimya. Ukimya wenyewe haukuwa wa aibu. Niko Uchina, na huku WhatsApp haifunguki hivi hivi, lazima uwe na VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao. Mjanja yule aliiweka kwenye simu yake tangu Lubumbashi, hakuniambia. Kwa hiyo nyie mnacheka, mimi natazama kiduara kinazunguka. Leo ndiyo nimefungukiwa, na ujumbe wa kwanza kuusoma ni wa mama mmoja wa kwaya anauliza kama zile nywele nilirudishiwa.

Haya, sikilizeni ya kwangu.

Papa alinifanyisha mazoezi wiki nzima. Jioni anaketi kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, anakuwa afisa wa uhamiaji. Pasipoti! Viza ya X1, ya masomo ya muda mrefu! Barua ya chuo! Karatasi ya JW202, fomu ya kuombea viza ya masomo! Cheti cha daktari! Kadi ya njano ya chanjo! Vyote nimeshika mkononi, maana sanduku unalipata ukishavuka. Maswali yote nilijibu. La nywele papa hakuuliza.

Na nywele zangu zina historia. Kwenye picha ya pasipoti nina kichwa cha mvulana, kwa sababu dawa ya kulainisha ya saluni moja, siitaji, ilinichoma ikabidi zikatwe zote. Kwenye picha ya viza nimesuka rasta. Siku ya safari nikavaa wigi la kufika kiunoni, kwa sababu ukisindikizwa Luano, uwanja wetu wa ndege, na mtaa mzima, na kila mtu na simu yake, huendi na kichwa kitupu. Wigi aliniuzia yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, kwa mkopo, akaapa ni nywele za Brazili. Wanaofanya biashara hii wanajua mji wa Xuchang, mkoa wa Henan, ambako wigi za dunia nzima zinatengenezwa kwa wingi wa kutisha. Yaani mwana wa Lubumbashi mzima nilipanda ndege kuwarudishia Wachina mali yao, nimeivaa kichwani.

Tulibadili ndege Addis Ababa. Usiku nikalalia upande, kuamka lesi ya mbele imeanza kuachia. Karibu na kutua Guangzhou nikaingia chooni na kichupa changu cha gundi, chini ya mililita 100, halali kabisa. Nikafungua, ndege ikatikisika. Gundi nyingine ikaenda kwenye paji la uso, nyingine ikaenda kwenye vidole. Mwenye neno na amuulize rubani. Ilikauka ikawa haionekani, nami nikatoka chooni nimependeza, nawaambia ukweli.

Sasa, tangu 2018 Uchina inachukua alama za vidole za wageni wanaoingia, kuanzia miaka 14 mpaka 70. Kambo yangu, yaani babu, angepita bila kuguswa. Uwanja wa ndege wa Baiyun, huko Guangzhou, kuna mashine zimepangwa: unaweka pasipoti, kioo kinakuchorea mkono, unabandika vidole vinne vya kushoto, vinne vya kulia, halafu gumba mbili. Wa Katuba aliweka, ikampa alama ya kijani, akaenda zake anapiga mluzi.

Mimi nikaweka. Ikawaka nyekundu. Mashine ikaniambia kwa Kifaransa, sauti ya mama mpole, nibonyeze tena. Nikabonyeza. Nyekundu. Bonyeza kwa nguvu zaidi. Nikainua na visigino, nikalala na uzito wote. Nyekundu. Nikafuta vidole kwenye suruali, nikavipulizia pumzi, nikaomba kimoyomoyo. Yule mama wa ndani ya mashine hakuchoka, na sauti yake haikupungua. Nyuma yangu mstari umerefuka, na kwenye mstari, jamani, mlifikiri Guangzhou nitakosa watu wa kwetu? Walikuwepo mama zetu wa biashara, wale wanaokuja kununua vitenge na viatu. Mmoja akasema kwa sauti ya sokoni:

"We binti, vidole uliviacha Luano?"

Mstari ukacheka. Hata ambao hawakuelewa.

Afisa mmoja kijana akaja akanipeleka kwenye dirisha la pembeni. Akafungua pasipoti: kichwa cha mvulana. Akafungua ukurasa wa viza: rasta. Akaniangalia mimi: Brazili mpaka kiunoni. Akarudi pasipoti. Akarudi viza. Akaniangalia tena. Mimi nikatabasamu, nikamwambia "xiexie", yaani asante, ndilo neno nililokuwa nalo karibu. Akapitisha mkono juu ya kichwa chake, kama mtu anayevua kofia.

Nikajifanya sikuelewa. Akarudia ishara, taratibu zaidi.

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana hapa ndipo Wa Katuba amepotosha historia. Yeye kasema polisi walininyang'anya wigi wakitafuta dawa za kulevya. Hapana. Nililivua mwenyewe, kwa hiari, kwa heshima. Tatizo ni kwamba mbele kulikuwa na gundi mpya na nyuma hakukuwa na kitu. Nikashika kisogoni, nikavuta. Nyuma kukaachia. Mbele kukakataa. Wigi zima likapinduka, likaniangukia usoni.

Kwa hiyo fikirieni afisa. Alikuwa na mtu mwenye nyuso tatu, sasa hana hata mmoja. Mbele yake ni pazia la nywele lenye mkoba, na ndani ya pazia kuna sauti inasema "xiexie". Ndipo akarudi ile hatua moja.

Mimi huko ndani sioni. Navuta, ngozi ya paji inakuja na wigi. Nasukuma nyuma, nywele zinarudi mbele. Gundi iliyokuwa imeanza kulainika kwa jasho ikaingia jichoni. Na kisogo kiko wazi, wapenzi wasomaji, na chini ya wigi nilikuwa nimesukwa ile mistari ya haraka haraka ambayo wenzetu wa Dar wanaiita twende kilioni, ya yaya, ya usiku, umeme haupo. Upande mmoja mistari inakwenda Kolwezi, upande mwingine Kasumbalesa. Nikasikia mama wa sokoni anatoa hukumu: "Uuu. Nani alikufanya vile?" Si kwa ubaya. Alikuwa anahuzunika kweli.

Ndiye aliyeniokoa. Akafungua mkoba, akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka, akaonyesha ishara kwa afisa, afisa akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Afisa wa kike akaja na karatasi laini. Nikapakwa mafuta paji zima, mbele ya Waafrika na Waasia, lesi ikaachia polepole, wigi likatoka. Na kwa sababu mafuta yalipita vidoleni, gundi nayo ikatoka utandu mzima, kama ngozi ya nyoka. Wakanifuta, wakaniambia niweke mkono. Kijani. Nikaweka wa pili. Kijani. Mstari ukapiga makofi. Wakanipiga picha, kichwa kitupu, paji linang'aa, jicho moja jekundu. Muhuri. Nenda.

Wa Katuba alikuwa ng'ambo, ameegemea nguzo, hana nguvu za kusimama. Kupiga picha pale ni marufuku, na hilo ndilo jambo pekee lililonilinda. Vinginevyo sasa hivi ningekuwa stika.

Mengine hayana habari: sanduku lilikuja, basi la chuo lilikuja, chumba kina joto, chakula kizuri, bukari, ugali wetu, nimeitafuta sijaipata. Gundi kwenye nyusi bado ipo kidogo, mwenye kujua dawa aniandikie faragha.

Ila kuna jambo moja. Mwenye viza ya X1 ana siku 30 tangu aingie kwenda polisi kuomba kibali cha kuishi, na kuna picha nyingine. Wa Katuba ameshajitolea kunisindikiza, eti kama mkalimani. Kichina anachojua ni kuagiza wali. Haji.

Na yaya, acha kunipigia usiku. Deni la wigi nalitambua, lakini nalipa nusu. Ile gundi wewe ndiye uliniwekea mkobani.