Ukisimama na ndugu yako Dodoma, usipimie tumaini bungeni

Dodoma ina tabu yake ya pekee: Bunge liko mjini. Mbunge akisimama asubuhi kuuliza swali kuhusu ushoga, mchana maneno yako kwenye bajaji za Majengo, jioni yamefika vijiweni Area C na Nkuhungu, na usiku kuna kijana anafuta picha kwenye simu yake. Mtu anayesimama na watu wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, katika mji huu akilipima tumaini lake kwa yanayosemwa ukumbini, atachoka kabla Bunge la bajeti halijafika Juni. Mimi naona tumaini linadumu likifungwa kwenye kazi ndogo zenye mwisho, kwa mtu mmoja mmoja anayejulikana kwa jina.

Kwanza sheria, maana hofu nyingi hutokana na sheria ya kusikia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha, kwa kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Ni adhabu nzito mno, na asikudanganye mtu kwamba ni ya kwenye karatasi tu. Lakini kinachoadhibiwa ni tendo. Neno shoga halimo, na mume na mkewe wanaweza kunaswa humo humo. Kumsindikiza mtu hospitali au kumwekea dhamana si kosa. Na wale wanaosema kifungu hiki ni mila yetu, mzizi wake ni kifungu cha 377 cha sheria ya jinai ambayo Waingereza waliiandikia India mwaka 1860. India yenyewe, Mahakama ya Juu iliwatoa humo watu wazima wanaoridhiana mwaka 2018.

Hoja hiyo ni nzuri, ila usiifungue msibani. Pale mbele ya watu hakuna atakayekubali ameshindwa, na wewe utaondoka na jina jipya.

Kinachoharibu mazungumzo mengi ni neno lenyewe: ulawiti. Magazeti yanalitumia kwa mtu mzima aliyemharibu mtoto, na watu wanalitumia kwa watu wazima wawili waliopendana. Mzazi anayesikia neno hilo anamwona mwanawe wa darasa la tatu, na hasira yake ni ya haki. Mtetezi anayekimbilia kusema “ni haki za binadamu” kabla ya kuigusa hofu hiyo anaonekana anamtetea mbakaji. Anza na mtoto, na useme kwa moyo wote: “Mjomba, aliyemharibu mtoto afungwe, hapo hatubishani. Ila huyu mtu mzima uliyemtaja, amemkosea nani?” Kisha nyamaza. Usijaze kimya kwa mifano ya Ulaya. Mara nyingi jibu la siku hiyo ni “ndivyo dini inavyosema”, na hilo nalo ni hatua, kwa sababu mmeshatoka kwenye mtoto. Mjomba huyo utamkuta peke yake siku nyingine, na peke yake ni mtu mwingine kabisa.

Kosa baya kuliko kushindwa hoja ni kumtetea mtu kwa jina. “Mbona fulani ni mtu mzuri tu?” Umeshamtoa hadharani, na kesho mwenye nyumba wake anajua.

Hapo tunafika kwenye chumba. Kijana akifukuzwa nyumbani, shida ya kwanza ni kodi, kwa kuwa wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Watu watano wakichanga 10,000 kila mwezi, kwa miezi sita wana 300,000. Chumba cha 50,000 kwa miezi mitatu ni 150,000. Inabaki ya godoro, jiko la gesi na nauli. Mfuko wa namna hii haufi kwa kukosa fedha, unakufa kwa kundi la WhatsApp lenye jina la kujisifu na orodha ya waliosaidiwa. Ufanyeni kama kikoba cha kawaida: daftari lina tarehe na kiasi, majina ya waliopewa hayaandikwi. Ujumbe wa kujifuta upo, wa saa 24, siku 7 au siku 90. Chagueni wa saa 24, lakini mkijua haumzuii mtu kupiga picha ya skrini.

Afya haitaki hotuba, inataka mwenzako wa kukaa naye kwenye benchi. Februari 2017 serikali ilisimamisha huduma za VVU kwa makundi maalumu, wakiwemo mashoga, katika vituo 40, na tangu hapo wapo wanaoogopa hata dirisha la kuandikisha. Jua saa: aliyebakwa au aliyepasukiwa kondomu anatakiwa kuanza dawa za kinga, PEP, ndani ya saa 72, na kuzimeza siku 28 bila kuruka. Watu hupoteza siku mbili wakitafuta nesi “anayeelewa”. Nenda naye siku ile ile. Na kondomu ya mpira haipatani na mafuta ya kupaka, inalegea na kupasuka. Kilainishi kiwe cha maji.

Mtego wa pesa nao unajulikana. Mazungumzo ya mtandaoni, miadi gesti, wanaingia watatu na simu zinarekodi, halafu “tuma laki mbili”. Kulipa mara ya kwanza hakufungi mlango, kunawaonyesha bei. Asifute meseji za miamala wala namba, maana ndiyo ushahidi, na amwone wakili kabla ya kuingia kituo cha polisi: anayekwenda kushtaki bila wakili anaweza kugeuzwa mshtakiwa.

Akikamatwa, anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana ya polisi, na dhamana hiyo hailipiwi. Wadhamini huombwa kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Barua ndiyo inayokwamisha, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa atauliza ni kesi gani, tena siku ya Jumapili. Wawe wadhamini wawili wa mitaa tofauti, wanaofahamika kwa wenyeviti wao kwa mambo mengine: michango ya shule, maji, ulinzi. Polisi wakipendekeza vipimo vya kulazimishwa vya njia ya haja kubwa, wakili apinge palepale. Havina thamani ya kisayansi. Chama cha Madaktari Duniani kilivikataa 2017, na Mahakama ya Rufani ya Kenya ikafuata 2018.

Kwa anayetaka tumaini la mbali zaidi, aitazame Botswana. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya huko ilisema wakati wa kuacha kuwaadhibu watu hawa haujafika. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikasema umefika. Miaka 18. Msumbiji waliondoa kifungu chao 2015 bila makelele mengi. Uganda wamekwenda upande mwingine 2023 kwa sheria kali zaidi, na Kenya waligonga mwamba mahakamani 2019, kwa hiyo sisemi ni mto unaoteremka tu.

Kabla ya Aprili, Bunge la bajeti linapoanza, kaeni wawili muangalie mfuko una kiasi gani, wadhamini bado wanaishi mitaa ile ile, na wakili bado anapokea simu usiku. Namba yake iandikwe kwenye karatasi au ikaririwe. Simu huachwa kaunta ya polisi.